Nicolas-Louis Robert, Mwalimu Aliyebuni Mashine ya Karatasi

Sisi tukaao Ifakara na katika bonde la Kilombero hatuko mbali sana na mahali pafanywapo karatasi. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka wa 1975, hutoka hapa kwetu ikapita Mlimba, kisha ikapanda milima mpaka Makambako. Katika nchi hiyo ya milima, mahali paitwapo Mgololo katika wilaya ya Mufindi, kipo kiwanda kikubwa kilichoanza kazi mwaka wa 1985. Misonobari ya msitu wa Sao Hill huletwa pale, ikakatwa vipande vidogo vidogo na kupikwa kwa dawa mpaka ikawa rojo. Rojo hiyo huingia upande mmoja wa mashine ndefu, na upande wa pili hutoka karatasi kavu iliyoviringwa kama mkeka.

Mashine ya namna hiyo ina historia, na historia yake ni maisha ya mtu mmoja, Mfaransa, jina lake Nicolas-Louis Robert. Alikuwa askari, kisha karani, kisha msimamizi wa wafanya kazi, na mwisho wake alikuwa mwalimu wa watoto wa kijijini. Mali hakupata. Walakini, tangu siku zake mpaka leo, hakuna shule duniani ambayo haikufaidi kazi ya mikono yake.

Robert alizaliwa mjini Paris tarehe 2 Desemba, 1761. Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili na mwenye haya, lakini alipenda sana masomo. Watawa wa Kikatoliki walioitwa Waminimi ndio waliomfundisha. Alipokuwa kijana aliona haya kuwa mzigo kwa wazazi wake, akataka kuingia jeshini ili ajitegemee. Mara ya kwanza alikataliwa. Hakukata tamaa, na mwaka wa 1780 akapokelewa katika kikosi cha mizinga. Baadaye alivuka bahari mpaka kisiwa cha Santo Domingo katika nchi za Karibi, akapigana na Waingereza.

Baada ya miaka kadiri ya kumi aliacha uaskari. Mwaka wa 1790 alioa mke, Charlotte Routier, na mwaka huo huo akapata kazi ya ukarani katika nyumba ya Didot. Akina Didot walikuwa ukoo mashuhuri wa wapiga chapa wa Paris. Walipiga chapa vitabu, walichonga herufi, na tena walikuwa na kiwanda chao cha karatasi mahali paitwapo Essonnes, kusini ya Paris. Kiwanda hicho kilikuwa cha kale sana, maana habari zake zaanzia mwaka wa 1355. Wakubwa wake walipoona kwamba Robert ni mtu mwangalifu, walimpeleka Essonnes awe msimamizi wa wafanya kazi.

Ili tufahamu jambo alilolikuta huko, yatupasa kwanza kujua jinsi karatasi ilivyofanywa siku zile. Ufundi wenyewe ulitoka nchi ya China, ambako Cai Lun, mtumishi wa jumba la mfalme, alitoa habari zake mbele ya mfalme mwaka wa 105. Baada ya mwaka wa 751 ulifika Samarkand, Waarabu wakaujua, wakaueneza mpaka Hispania, na kutoka huko ukaingia Ulaya. Katika safari hiyo ndefu ya miaka zaidi ya elfu moja, kazi yenyewe ilibaki kuwa ya mikono.

Matambara ya pamba na kitani yalikusanywa, yakafuliwa, yakapondwa katika maji mpaka yakawa rojo nyepesi kama uji. Rojo ile ilimiminwa katika pipa kubwa. Fundi wa kwanza alishika kiunzi cha mbao chenye wavu mwembamba wa waya, mfano wa chekeche, akakichovya ndani ya pipa na kukiinua. Akakitikisa mbele na nyuma, kulia na kushoto, ili nyuzinyuzi zishikamane, na maji yakachuruzika chini. Fundi wa pili alipokea kiunzi, akakipindua juu ya kitambaa kizito cha sufu, na ukurasa mbichi ukabaki juu ya kitambaa. Baada ya kurasa nyingi kupangwa hivyo, moja juu ya mwenzake, zilibanwa kwa shinikizo. Fundi wa tatu alizibandua moja moja, zikaanikwa darini kama nguo. Mwisho zilichovywa katika gundi ya ngozi ili wino usisambae.

Basi, kila ukurasa wa kila kitabu ulipita katika mikono ya mafundi kwa njia hiyo. Ukurasa haukuweza kuwa mkubwa kuliko kiunzi ambacho mikono ya mtu iliweza kukiinua. Ndiyo sababu karatasi ilikuwa ghali, na kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, vitabu navyo vilikuwa ghali. Mtoto wa maskini aliweza kumaliza maisha yake yote pasipo kuwa na kitabu hata kimoja.

Mafundi wale walijua vema kwamba pasipo wao hakuna karatasi. Walikuwa na chama chao na desturi zao kali, na mgeni hakuingizwa katika kazi hivi hivi tu. Tena miaka ile ilikuwa ya msukosuko. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka wa 1789, na serikali mpya ilihitaji karatasi nyingi mno kwa sheria zake, magazeti yake, na hata fedha zake, maana kiwanda cha Essonnes kilifanya karatasi ya fedha kwa ajili ya wizara ya fedha. Kazi ilikuwa nyingi na ugomvi ulikuwa mwingi. Kila siku Robert aliamua mashauri ya mafundi, leo hawa wamegombana wao kwa wao, kesho wale wamegombana na tajiri wao.

Kwa uchovu wa mambo hayo Robert akapata wazo. Alijiuliza kama haiwezekani kufanya mashine ambayo yenyewe itachota rojo, itaitikisa, na kuitoa ikiwa karatasi. Tusifiche kwamba nia yake ya kwanza haikuwa kuwapa watoto vitabu. Alitaka kiwanda kipate kufanya kazi pasipo mafundi wale. Mambo makubwa ya dunia mara nyingi huanza kwa haja ndogo iliyo karibu.

Alichora mashine yake, akamwonyesha mkuu wa kiwanda, Saint-Léger Didot. Didot alitazama akasema kwamba haifai. Hata hivyo hakumvunja moyo kabisa, na Robert akafanya mfano mdogo. Nao haukufaulu. Didot akaona ni afadhali mtu huyu apumzishwe mawazo yake, akampeleka kusimamia kinu cha kusaga unga kilichokuwa karibu. Robert akakaa huko miezi sita. Kisha Didot mwenyewe ndiye aliyemrudisha kwenye kazi ya mashine, akampa na mafundi wa kumsaidia. Mfano wa pili ulikuwa mdogo sana, na karatasi iliyotoka ilikuwa nyembamba kama utepe. Lakini ilikuwa karatasi kweli! Ndipo wakaanza kujenga mashine kubwa, yenye kutoa karatasi ya upana wa kadiri ya sentimita 60.

Werevu wa mashine ile ulikuwa katika jambo moja. Badala ya kiunzi kinachochovywa na kuinuliwa, Robert alichukua wavu mrefu wa waya, akaunganisha ncha zake mbili, ukawa kama mkanda usio na mwisho. Mkanda huo aliuzungusha juu ya magogo mawili ya mviringo. Chini yake palikuwa na pipa la rojo, na gurudumu lenye makasia lilichota rojo na kuimwaga juu ya wavu. Wavu ulikwenda mbele polepole huku ukitikisika, kama vile mikono ya fundi ilivyotikisa kiunzi. Maji yalichuruzika, nyuzinyuzi zikabaki. Mwishoni mwa wavu, karatasi mbichi ilipita baina ya magogo yaliyoikamua, kisha ikaondolewa na kwenda kuanikwa. Mtu mmoja alizungusha mpini kwa mkono wake, na mashine yote ikaenda.

Hata leo, mashine za karatasi zilizo nyingi duniani hufuata kanuni hiyo hiyo, ya wavu usio na mwisho, kisha magogo ya kukamua. Mashine za sasa huendeshwa kwa umeme, nazo hutoa mita elfu moja na zaidi za karatasi kwa dakika moja.

Tarehe 9 Septemba, 1798, Robert aliomba serikali impe hati ya haki ya uvumbuzi wake, ile iitwayo siku hizi hataza. Alieleza kwamba mashine yake yaweza kufanya karatasi yenye urefu wa mita 12 mpaka 15 pasipo msaada wa mafundi, na ya kwamba yeye hana uwezo wa kulipa ada ya hati. Wakaguzi wakaenda Essonnes, wakaiona mashine ikifanya kazi, wakairidhia. Tarehe 18 Januari, 1799, alipewa haki ya miaka 15.

Hapo yangefaa yaanze mafanikio yake, lakini yalianza matatizo. Robert na Didot walishindana juu ya nani mwenye mashine. Robert alikuwa na hati, lakini hakuwa na fedha za kujenga viwanda. Didot alikuwa na kiwanda na jina kubwa. Mwisho Robert akamwuzia Didot hati pamoja na mashine, kwa malipo ya mafungu. Didot hakulipa ilivyopatana, na Robert ikambidi adai haki yake kwa sheria. Tarehe 23 Juni, 1801, hati ikarudi mikononi mwake. Lakini alikuwa amechelewa, kwa kuwa mashine ilikwisha vuka bahari.

Didot alikuwa na shemeji yake, Mwingereza aitwaye John Gamble. Vita na fujo zilikuwa zimeharibu biashara Ufaransa, na Didot aliona kwamba Uingereza ndiko kwenye fedha na mafundi hodari wa chuma. Akampa Gamble michoro ya mashine. Tarehe 20 Aprili, 1801, Gamble alipata hati ya Kiingereza kwa ajili ya mashine ile. Kisha aliwaingiza katika shauri hilo ndugu wawili wauza karatasi wa London, Henry na Sealy Fourdrinier. Hao wakamwajiri fundi kijana mwenye akili nyingi, Bryan Donkin. Donkin aliitengeneza mashine upya, akarekebisha kasoro zake moja baada ya moja, na mwaka wa 1803 ikaanza kufanya kazi katika kiwanda cha Frogmore, katika jimbo la Hertfordshire. Hata mwaka wa 1851 kampuni ya Donkin ilikuwa imekwisha jenga mashine karibu 200.

Kwa sababu hiyo mashine hii katika nchi nyingi huitwa Fourdrinier, wala haiitwi Robert. Lakini wasomaji wasidhani kwamba ndugu hao walitajirika. Walitumia kadiri ya pauni 60,000 kuiendeleza, na mwaka wa 1810 walifilisika. Wenye viwanda wengine walitumia mashine pasipo kulipa. Alexander wa Kwanza, mfalme wa Urusi, alichukua mashine mbili akaahidi kulipa pauni 700 kila mwaka kwa miaka kumi, lakini fedha hizo hazikulipwa. Mwaka wa 1840 Bunge la Uingereza liliwapa pauni 7,000 kuwa fidia, na wakati huo walikuwa wazee. Walikuwa kama mchimba kisima anywaye maji ya tope.

Yatupasa pia kuwakumbuka wale mafundi wa mikono. Kwao mashine haikuwa habari njema. Mwezi wa Novemba, 1830, karibu na mji wa High Wycombe katika Uingereza, wafanya kazi wenye hofu ya njaa waliingia viwandani wakavunja mashine za karatasi kwa nyundo. Wengi wao walishtakiwa wakaadhibiwa vikali. Hatuwezi kusifu uharibifu, lakini twaweza kufahamu uchungu wa mtu aliyejifunza kazi tangu utoto, kisha akaamka siku moja akaona kazi hiyo hufanywa na gurudumu. Swali hilo la mafundi na mashine halikuisha na wao. Hata sisi tutakutana nalo tutakapotoka shuleni kwenda kutafuta kazi.

Je, Robert mwenyewe alikuwaje? Mwaka wa 1812 afya yake ilikuwa mbaya, akaiacha kazi ya karatasi kabisa. Alikwenda kukaa Vernouillet, mahali padogo karibu na mji wa Dreux, akafungua shule ndogo ya watoto. Mshahara wake ulikuwa haba, maana nchi ilikuwa imechoshwa na vita na watu hawakuwa na kitu. Alifundisha hivyo kwa miaka 16, mpaka alipofariki tarehe 8 Agosti, 1828. Miaka ile ile aliyokuwa akifundisha kusoma na kuandika, mashine yake ilikuwa ikizunguka ng'ambo ya bahari. Mwaka wa 1820 Mwingereza Thomas Crompton alipata hati kwa ufundi wa kukausha karatasi juu ya mapipa ya chuma yenye mvuke ndani yake, hata haikuhitaji tena kuanikwa. Karatasi ikazidi kuwa rahisi, na vitabu navyo vikawa rahisi. Wengine wakapata faida, na mwalimu wa Vernouillet hakupata hata senti.

Baada yake ufundi uliendelea. Mashine zilikula matambara mengi hata matambara yakaadimika, ikabidi kutafuta kitu kingine. Katika miaka ya 1840 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alivumbua namna ya kusaga mbao kuwa rojo. Naye pia aliuza haki yake akafa maskini. Mwaka wa 1879 Mjerumani mwingine, Carl Dahl, alivumbua njia ya kupika mbao kwa dawa ili kupata karatasi imara iitwayo kraft, yaani nguvu. Njia hiyo ndiyo iliyotumiwa Mgololo, na karatasi ya namna hiyo ndiyo ifanywayo mifuko ya saruji.

Kiwanda cha Mgololo nacho kimepatwa na mambo yake. Kilijengwa na serikali kwa jina la Southern Paper Mills, kikasimama katika miaka ya 1990, kisha kikauzwa mwaka wa 2004 na kufufuliwa, nacho sasa huitwa Mufindi Paper Mills. Hapa twajifunza kwamba mashine peke yake haitoshi. Yataka mafundi, maji, umeme, njia, na watu wa kununua. Na katika bonde letu wenyewe kipo kitu cha kufikiriwa. Huko Kidatu, makapi ya miwa ya viwanda vya sukari vya Kilombero huchomwa ili kupata mvuke na umeme. Lakini katika India na nchi nyingine makapi kama hayo hufanywa karatasi. Huenda yuko mwanafunzi miongoni mwetu atakayelichunguza jambo hilo siku moja.

Mwanafunzi huyo, akiwa na wazo jema, na ajifunze mambo mawili katika maisha ya Robert. La kwanza ni kuvumilia. Robert alikataliwa jeshini, akarudi. Mchoro wake ulikataliwa, akafanya mfano. Mfano haukufaa, akapelekwa kwenye unga, akarudi akafaulu. La pili ni kuijua haki yake na kuilinda mapema. Hati yake Robert aliipata kwa halali, lakini aliiacha itoke mikononi mwake kabla ya kulipwa, na iliporudi watu wengine walikwisha kwenda mbele. Mwenye akili ya kuvumbua yampasa awe pia na akili ya kupatana, kuandikiana, na kuwa na mashahidi.

Huko Vernouillet wamemjengea sanamu mbele ya kanisa, na shule ya sekondari ya mahali pale imepewa jina lake. Ni heshima iliyomfaa. Kiwanda cha Essonnes hakikuwa chake, na mashine ikapewa jina la watu wengine, lakini shule ilikuwa yake hasa, kwa maana aliifungua mwenyewe na kuifanyia kazi mpaka mwisho wa maisha yake.